Kuku Waliovuka Maji

Wa kwanza kuugua alikuwa kishingo, yule tembe mweupe asiye na manyoya shingoni. Nilimkuta asubuhi amesimama peke yake nyuma ya jiko, mabawa yameshuka, macho yamefumba nusu. Nilipomrushia chenga za mahindi hakuinama. Wenzake walikula hata zile zilizomwangukia mgongoni.

Nikamwambia mama kwamba kishingo hayuko sawa. Macho ya mama yameingia ukungu, lakini kuku wake aliwajua kwa sauti na kwa mkono. Akaniambia nimpelekee. Akampapasa kifuani, akamshika miguu.

"Ana moto huyu," akasema. "Mtwangie pilipili."

Nikatwanga pilipili, nikachanganya na majivu na maji ya mwarobaini, nikamfungua mdomo nikamnywesha. Hivyo ndivyo mama alivyofanya maisha yake yote huko mtoni. Kuku wengi walipona, au walipona wenyewe sisi tukaisifu pilipili. Sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nikabeba ndoo yangu ya mahamri nikaenda kuuza njia panda.

Niliporudi kishingo alikuwa amekufa, na wengine watatu walikuwa wamesimama nyuma ya jiko, pale pale alipokuwa amesimama yeye.

Sharti nieleze kuku hawa walikuwa nini kwetu, maana mtu akisikia habari ya kuku atasema ni kuku tu, na hana kosa kusema hivyo.

Sisi ni watu wa mtoni. Kijiji chetu kiko upande wa Wenje, mahali ambapo mto ukipanda kidogo mnashukuru kwa sababu umeleta rutuba, na ukipanda sana mnakimbia. Mwaka wa mafuriko yale makubwa ulipanda sana. Boti ilipokuja kutuchukua, maji yalikuwa yamefika kwenye vitanda. Vijana wa boti walisema watu kwanza, mizigo hapana. Mama akakalia kinu kilichopinduliwa, tenga la kuku mapajani, maji yakimfika magotini. Wakambembeleza. Mmoja akamwambia, "Bibi, boti hii si ya kuku."

"Basi na mimi ni kuku," mama akasema. "Niacheni."

Watu walicheka katikati ya balaa lile, na mama akapandishwa pamoja na tenga lake. Ndani mlikuwa na matembe wawili na jogoo mmoja. Mahindi ya ghalani, vyombo vyake, kitanda alichoolewa nacho, vyote mto ulivichukua.

Tulikaa kambini chini ya turubai, kisha nikapata hiki kijumba cha udongo hapa Garsen, kiambaza kwa kiambaza na watu wa kila namna. Mimi nilizoea. Mama hakuzoea, wala hakujaribu. Majirani wakimuuliza anakaa wapi alikuwa akiwajibu, "Hapa nimepumzika." Hakutaka kupanda hata mchicha. Alichofanya ni kuzidisha kuku. Kila yai alilipitisha mkononi akaamua: hili la kula, hili la kuatamiwa. Hao watatu waliovuka maji wakawa wengi, wakajaa uani, wakalala hata juu ya mkokoteni wa jirani.

Alikuwa na mpango wake. Mama aliamini kwamba nyumba mpya sharti iamshwe na jogoo wa mwenyewe, si jogoo wa jirani. Angerudi mtoni na jogoo wake na matembe wake, na kila mwanamke atakayemkuta amejenga upya angempa tembe mmoja wa kuanzia. Alikwisha kuwagawa kwa mdomo. Huyu mwenye madoa ni wa fulani, huyu mweusi ni wa fulani, aliyepoteza kila kitu. Ndugu yangu mdogo alikuwa amerudi huko kulima, akamjengea mama nyumba mahali palipoinuka kidogo. Walipatana kwamba mahindi yakishavunwa atakuja kumchukua. Mimi nisingeenda nao, kwa sababu riziki yangu iko hapa barabarani. Moyo uliniuma, lakini nilikuwa namwona mama anavyoamka. Aliamka kama mtu mwenye safari.

Mavuno yalikuwa yamekaribia. Ndiyo maana nilipowaona wale watatu nyuma ya jiko, sikuwaza kuku. Niliwaza safari.

Ugonjwa ulikuwa ng'ambo ya barabara siku kadhaa kabla ya hapo. Tulijua. Tulijua kwa sababu ya nyama.

Huku kwetu kuku akianza kuyumba huwahiwa kwa kisu, kwa sababu akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi, na hakuna mwenye nguvu ya kutupa nyama. Na kisu cha kuchinja hushikwa na mwanamume. Dini haikumkataza mwanamke. Ni mazoea tu, lakini mazoea yenye nguvu. Sasa mtaa wetu ni wa wanawake. Kuna wajane, kuna walioachwa, kuna ambao waume zao wako Mombasa, na wengine waume zao wako mbali mbugani na ng'ombe. Kwa hiyo kuku akiyumba katika nyumba yoyote, wanakimbilia kwa mtu mmoja, jirani yetu fundi wa pancha.

Mtu yule hakujua kukataa. Angeacha tairi ndani ya karai la maji, ajifute mikono kwenye suruali, achukue kisu chake aende. Hakuomba malipo. Walimpa shingo au paja ndani ya bakuli, na kwa kuwa siku zile alikuwa anaitwa mara nyingi kuliko anavyoweza kula, alipitia kwetu jioni akamwachia mama bakuli moja. Mama alimpenda. Alikuwa akimsikia mlangoni anaanza kumchokoza.

"Wewe kuku wakikusikia wanaandika wosia."

"Hawa wako, mama, wananiamkia. Huyu jogoo ameniambia shikamoo sasa hivi."

"Marahaba. Na kisu hicho kikae mbali naye."

Kisha angeomba maji. Uani kwetu kuna pipa karibu na mlango, na hapo ndipo alipokuwa akiosha kisu, mikono, na viatu vyake vya akala, vya mpira wa tairi, vilivyojaa damu na manyoya ya nyumba nne au tano. Maji yakitiririka, kuku wetu walikimbilia. Walikunywa, wakadonoa vipande vilivyoganda kwenye akala, wengine wakamdonoa hata vidole vya miguu, naye akicheka. Mama alisema kuku hawa wamelelewa vizuri, hawaogopi mtu. Mimi nilikuwa nasimama pale na jagi mkononi nikimmiminia.

Asubuhi ya pili walikuwa wamekufa watano bandani, na waliobaki nusu yao hawakutoka mlango ulipofunguliwa. Kinyesi chao kilikuwa kijani kibichi kama mboga iliyosagwa. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akivuta pumzi kwa mdomo wazi, kila pumzi na mlio mdogo kama bawaba ya mlango. Yule mwenye madoa shingo yake ilikuwa imepinda, uso unatazama juu, anazunguka mahali pamoja. Akijaribu kudonoa punje alidonoa hewa pembeni yake.

Nikatia mmoja aliyekufa ndani ya mfuko wa gunia, nikaenda duka la dawa za mifugo. Mwenye duka, mtu wa makamo, aliponiona tu alitoka nje kunizuia.

"Dada, baki hapo hapo. Usiingie naye."

Nikasimama juani na mfuko wangu kama mtu aliyekuja kuomba. Akaniuliza, nikamweleza: shingo, kinyesi, mlio. Hakutaka hata nimfungulie mfuko. Akasema ni kideri. Nikamwambia basi nipe dawa yake. Akasema kideri hakina dawa. Nikadhani ananifanyia mzaha, kwa sababu rafu nyuma yake zilikuwa zimejaa chupa na pakiti mpaka darini.

"Ipo chanjo," akasema, "tone moja jichoni. Lakini hiyo ni ya kuku mzima. Aliyekwisha kuambukizwa haimsaidii."

Chanjo ile, alinieleza, huja kwenye kichupa kidogo cha kuku mia, na kikishafunguliwa kinatakiwa kitumike siku hiyo hiyo. Mtu mwenye kuku kumi akiambiwa hivyo hurudi nyumbani. Nilimsikiliza nikiwafikiria wanawake wa mtaa wetu. Kama tungekusanyika nyumba chache tu tungezidi kuku mia. Hatukuwahi kukusanyana kwa ajili ya kuku. Kwa harusi, ndiyo. Kwa matanga, ndiyo.

Nilipogeuka kuondoka aliniuliza swali la mwisho. Nani anaingia kwako akitoka kwenye nyumba ambazo kuku wamekufa? Akasema huo ugonjwa haupigi hodi wenyewe, hubebwa. Miguuni, kwenye kisu, kwenye maji ya kuoshea nyama.

Nilirudi na ule mfuko, jua likinichoma kisogo, na nilipokuwa napita karibu na kibanda cha pancha nilimwona jirani yetu ameinama juu ya tairi. Akainua mkono kunisalimia. Nikainua wangu. Sikuwa na hasira naye. Nilitafuta hasira moyoni, kwa sababu ingenisaidia kubeba, lakini haikuwepo. Aliyeleta alikuwa ameleta akidhani anasaidia, na maji nilimmiminia mimi.

Mama sikumwambia hilo. Nilimwambia tu kwamba hakuna dawa.

"Duka zima hakuna?" akauliza.

"Duka zima, mama."

Akaniambia niwatoe ambao bado wanasimama nikawafunge mbali na wagonjwa. Nilifanya hivyo. Niliwafunga walio wazima chini ya mkokoteni, nikafukia waliokufa nyuma ya ua wa mathenge, nikachimba kwa jembe lenye mpini mfupi mpaka viganja vikachubuka. Miba ya mathenge ilinichana mikono. Kila nikimaliza kufukia na kurudi, nilikuta mwingine.

Alasiri, jirani akaja. Alikuwa amesikia. Nilimsikia akimwita mama kutoka barabarani, nikakimbia kabla hajaingia, nikasimama kwenye mwanya wa ua na mikono nimeitanua, tope mpaka kwenye viwiko. Kisu chake alikuwa nacho.

"Dada, nimekuja tuwawahi," akasema. "Wangapi wanayumba?"

Nilimwambia asiingie. Akacheka kidogo, akadhani ni utani wa mama nimeuchukua mimi. Nikamrudia. Nikamwambia alivyosema mwenye duka, yote, akala na kisu na maji ya pipa. Nilisema polepole na bila kumtazama usoni, nikitazama vile viatu. Manyoya madogo yalikuwa yameganda kwenye nyuzi, meupe na ya kahawia, ya kuku wa watu.

Alitazama miguu yake na yeye. Kisha akavua akala moja baada ya nyingine, akazishika mkononi, akasimama pekupeku kwenye kokoto za barabara kana kwamba hilo lingebadilisha kitu.

"Na wangu wamekufa jana," akasema. "Wote. Sikuwaambieni."

Nyuma yangu kuku mmoja alianguka chali, miguu inapiga hewa. Jirani alimwona juu ya bega langu. Mkono wake ulisogea wenyewe, ule wenye kisu, kisha akaurudisha.

Ndipo mama akasema kutoka mlangoni. Sikujua kama alikuwa ametusikia, lakini alikuwa ametusikia tangu mwanzo.

"Binti yangu, chinja wewe."

Nikasema siwezi, sijawahi.

"Mungu hakukukataza. Waliokukataza ni watu, na mtu mwenyewe huyo hapo amesimama barabarani. Chukua kisu cha mboga."

Jirani akanielekeza akiwa nje ya ua. Akaniambia nimlaze ubavu wa kushoto, nielekee kibla, nikanyage mabawa kwa mguu mmoja lakini nisimwumize. Akaniambia nishike kichwa kwa nguvu, nitaje jina la Mungu, kisha nisisite, kwa sababu anayesita ndiye anayetesa. Sauti yake ilikuwa ya upole kama anamfundisha mtoto kuandika. Kisu cha mboga kilikuwa butu. Niliita bismillahi, nikakata, nikasita, nikakata tena. Yule tembe alikuwa mweusi, yule aliyegawiwa mwanamke aliyepoteza kila kitu.

Nilichinja wanne. Wa tano alikufa mikononi kabla sijakikaza kisu, nikamweka kando na waliokwisha kufa. Nilipoinua uso jirani alikuwa amekwenda. Akala zake alizibeba. Baadaye nilisikia kwamba alizichoma moto nyuma ya kibanda chake, na kwamba waliomwita siku hiyo aliwajibu mkono unamuuma.

Nilipika ile nyama kwa sababu haikuwa na maana kuwa nimechinja nisipike. Mama hakuigusa. Nami nilikula kipande kimoja nikiwa nimesimama jikoni. Sijui kama ilikuwa na ladha. Ile iliyobaki sikumpelekea mtu bakuli. Mchuzi nikaumwaga shimoni, na mikono nikaiosha kwa jivu mpaka ngozi ikauma.

Jogoo alikufa kesho yake. Huyu hakuwa yule aliyevuka maji; yule alikuwa amekwisha kuzeeka tukamla siku ya Idi, mama mwenyewe akitoa ruhusa. Huyu alikuwa mwanawe, mwekundu mwenye mkia wa kijani. Aliwika mara moja, sauti ikakatika katikati, akakaa chini kama mzee anayekaa kwenye kiti. Mama aliposikia sauti ile imekatika aligeuza kichwa upande wa bandani na kungoja. Alingoja imalizike. Mimi nilikuwa namwona na nilikuwa nimemwona jogoo pia, nikashindwa kumwambia aache kungoja.

Lakini tulikuwa bado na mmoja.

Chumbani kwa mama, chini ya kitanda, kulikuwa na kuku koo aliyekuwa akiatamia. Alikuwa wa kahawia, wa damu ya wale wa kwanza, na siku zote zile alikuwa ndani. Alitoka mara moja kwa siku kula na kunywa, akarudi upesi. Mama aliposema jina lake, maana huyo tu ndiye aliyekuwa na jina hasa, alisema kama anayemficha mgeni. Akaniambia nifunge mlango wa chumba. Nisiingie na viatu. Nisiingie na leso niliyofukia nayo. Maji yake yawe ya chupa niliyochemsha. Nilifanya yote. Nilioga kabla ya kuingia kwa mama kama anayeingia kumwona mzazi aliyejifungua jana. Kila nilipomletea mama chai, swali lake lilikuwa moja, naye aliliuliza kwa kunong'ona: huko nje wameisha? Nikamwambia wameisha. Akasema basi, wakiisha nje, ugonjwa utaondoka. Akaweka mkono chini ya kitanda, akausikiliza mgongo wa yule koo.

Mayai yalikuwa yamekaribia kuanguliwa. Mama alikuwa akiyainua moja moja kwenye sikio lake. Aliniwekea na mimi moja sikioni. Ndani kulikuwa na kitu kinakwaruza. Sijawahi kuomba Mungu kwa ajili ya kitu kidogo kama kile, na niliomba kwa maneno mengi, nikimkumbusha Mungu mambo ambayo alikwisha kutuchukulia, jambo ambalo najua si adabu.

Koo aliinuka kwenye mayai asubuhi. Niliingia na chai nikamkuta amesimama katikati ya chumba, na sikuhitaji kutazama mara mbili. Shingo yake ilikuwa inaanza kupinda. Alifanya hatua moja nyuma, halafu nyingine nyuma, kama anayepishana na mtu mlangoni.

Mama alikuwa amelala ubavu. Nilidhani bado hajui. Nilipoinama nikaona mayai hayapo chini ya kitanda.

"Ninayo," mama akasema.

Alikuwa ameyafunga ndani ya leso na kuyaweka tumboni pake, kwenye ngozi, ameyakunjia magoti. Alikuwa ameyasikia yanapoa kabla koo hajaanguka. Aliniomba nimfunike blanketi. Joto la Garsen unalijua kama umelipitia hata kwa saa moja. Mimi nilikuwa natoka jasho nikiwa nimesimama, na mama alilala chini ya blanketi zito siku nzima, akijigeuza polepole kama mwenye mimba. Hakuinuka kula. Kusali alisali amelala, akiashiria kwa macho. Nilimwambia, mama, utajiumiza. Akaniambia nisimtikise.

Koo alikufa mchana. Nilimbeba nje mlango wa nyuma, mama asisikie hatua zangu. Bila shaka alizisikia.

Jioni, yai moja lilianza kulia. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba, cha ndani, na mama aliposhika mkono wangu na kuupeleka pale tumboni nilihisi ganda limetoboka, na mdomo mdogo, mgumu kama punje ya mchele, ukinigusa kidole. Mama alikuwa anacheka kimya. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni mwa macho na kuingia masikioni, naye anacheka. Akasema, "Umeona? Huyu amekataa."

Kifaranga kile hakikutoka, na mayai mengine hayakulia kabisa. Kililia, kikapumzika, kikalia tena, kisha mapumziko yakawa marefu. Mama alikitemea mate kwenye lile tundu kulainisha, kama koo wanavyokuwa na unyevu wao. Nilimwambia nivunje ganda nikisaidie, akanikataza, akasema anayetolewa kwa nguvu hatembei. Basi tulingoja. Tulikaa hivyo, mkono wangu juu ya tumbo la mama yangu, mpaka nikajua kwamba nangoja peke yangu, kwamba yeye alikwisha kujua kabla yangu na alikuwa ananipa muda.

Ndugu yangu alikuja baada ya mavuno kama alivyoahidi. Alikuja na pikipiki ya mtu, na kiti cha nyuma alikuwa amekifunga mto wa kukalia ili mama asiumie njiani. Alikuwa na furaha. Alianza kusimulia kabla hajaondoa kofia: nyumba ina milango miwili, upepo unaingia, wanawake wamekwisha kuanza kumwulizia, mtumbwi wa kumvusha umepatikana. Nilimvuta kando nikamwambia. Akatazama uani kukiwa kutupu, banda limefunguliwa, akasema Mungu wangu. Kisha akasema kitu ambacho hata mimi nilikuwa nimekitegemea, kwamba siku ya soko atanunua wengine.

Nikamwambia mwenye duka amekataza tusiingize kuku mwingine kwa miezi, udongo bado una ugonjwa. Akasema basi tutanunua huko huko mtoni. Akaingia kwa mama na furaha yake iliyobaki, akaketi kitandani, akamshika mkono.

"Mama, nimekuja tuende."

"Nimekusikia tangu barabarani."

"Kuku nitakutafutia. Usijali kuku."

Mama akamwuliza habari za mahindi, za mke wake, za mto. Akauliza mto unakwenda vipi sasa, umetulia? Ndugu yangu akasema umetulia. Mama akamwuliza kama ule mti wa mtoni, upande wa kina mama, bado upo, akasema upo. Nilidhani mama anajiandaa kuinuka. Kisha akautoa mkono wake taratibu kwenye mikono ya mwanawe.

"Nilikuwa narudi kuanza," akasema. "Nilikuwa na kitu cha kuanzia, na cha kumpa mtu. Sasa nikirudi nitakuwa narudi kufa tu, na kufa naweza nikiwa hapa."

Ndugu yangu alimwambia mambo mengi. Alisema nyumba aliijenga kwa ajili yake, udongo aliukanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Alimwambia kuku ni kuku, mama. Alikasirika kidogo, akaomba radhi, akakasirika tena. Mama hakubishana. Alikuwa akiitikia kila neno, ndiyo mwanangu, najua mwanangu, na hakuinuka. Mwishowe ndugu yangu alinitazama mimi, akitaka nimsaidie. Ningeweza kusema jambo. Nilikuwa nimekaa na mama siku zile na niliujua uzito wake, nikanyamaza.

Alitoka nje akasimama karibu na pikipiki. Alifungua ule mto wa kiti cha nyuma, akaukunja, akaufungua tena, hakujua auweke wapi.

Mama akaniita ndani. Aliniambia nimwambie ndugu yangu kwamba lile shamba lake la kando ya mto, sehemu yake mwenyewe, wasiliache tena likimngoja. Msimu ujao walime wao, wapande wanachotaka.

Shamba lile hakuna aliyewahi kuligusa tangu tuondoke mtoni. Hata kambini, wakati hatukuwa na unga, mtu alipotaka kulikodi, mama alikataa.

Niliposimama mlangoni, pikipiki ilikuwa imekwisha kuwaka. Ningeweza kumwacha aende. Ningesema baadaye kwamba sikumwahi. Nikakimbia, nikashika kiti cha nyuma, nikamwambia vile vile kama nilivyoambiwa, bila kuongeza.

Alizima injini.

"Amesema hivyo mwenyewe?" akauliza. "Kwa mdomo wake?"

Nikamwambia ndiyo.